Kutu, kuchacha au kuoksidika?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kliniki ya shinikizo la damu, Morogoro. Tunaandaa kipeperushi cha wagonjwa na sentensi moja imetugawa: "Lehemu iliyopata kutu inaua seli za mishipa." Mwenzangu anasema lehemu haishiki kutu, tuandike "kolesteroli iliyooksidishwa". Daktari wetu naye hataki "inaua"; anasema seli "zinajiua". Tuandikeje?

JIBU: Nianze na lehemu, maana hapo sina ugomvi mkubwa. Neno limeenea Tanzania kwa maana ya kolesteroli na wengi wanalielewa. Lakini mtu aliyewahi kukaa kwa fundi redio akimwangalia anayeyusha lehemu kuunga nyaya, ukimwambia kitu hicho kimejaa kwenye damu yake atakuuliza kimeingiaje. Karatasi ya maabara atakayopewa itasema kolesteroli, basi nanyi semeni kolesteroli. Neno hilo nalo ni la kuungaunga: mkemia Mfaransa Chevreul, mwanzoni mwa karne ya 19, alichukua maneno mawili ya Kigiriki, "nyongo" na "-gumu", kwa kuwa kitu chenyewe kilijulikana kwanza kutoka kwenye vijiwe vya nyongo.

Sasa kutu. Aliyeileta hakukosea kikemia: chuma kinaposhika kutu, oksijeni imekiingia, na kolesteroli nayo huingiwa na oksijeni. Tatizo ni kule neno linakompeleka msikilizaji. Kutu hukaa juu ya bati, hukwanguliwa kwa msasa. Ukimwambia mgonjwa mishipa yake ina kutu, umemfungulia mlango muuza dawa za "kusafisha mishipa" na vidonge vya "kuzuia kutu". Vitamini E ilitegemewa hivyo hivyo kwa sababu huzuia uoksidishaji; jaribio la HOPE, la watu zaidi ya 9,000, lililochapishwa mwaka 2000, halikuona ikipunguza mishtuko ya moyo.

Jikoni kuna neno lililo karibu zaidi. Fungua chupa ya mafuta ya kula iliyosahaulika rafuni miezi mingi, kifuniko kimelegea. Ile harufu kali inayokupiga puani ni ya mafuta yaliyooksidika. Sisi husema yamechacha. Ila kuchacha ni pia kwa uji na togwa, ambavyo huchachushwa na vijidudu, na kwenye ukuta wa mshipa si vijidudu vinavyofanya kazi hiyo. Kwa hiyo "kama mafuta yaliyochacha" ni mfano mzuri wa kuelezea kwa mdomo, mara moja tu. Kwenye maandishi shikeni neno la kitaalamu.

Na neno hilo ni lipi, iliyooksidishwa au iliyooksidika? Tofauti ni ile ya kikombe kilichovunjwa na kikombe kilichovunjika. Ukisema kimevunjwa, mama mwenye nyumba atauliza nani. "Kolesteroli iliyooksidishwa" inadai jibu la "na nini?", na jibu lipo: huoksidishwa na radikali huru, yaani chembe zenye pupa ya kunyang'anya elektroni, na vimeng'enya kutoka kwenye seli za ukuta wa mshipa wenyewe. Huko ndiko chembe za LDL, vyombo vinavyosafirisha kolesteroli kwenye damu, hujipenyeza na kunasa. Kwenye damu inayotembea zina ulinzi zaidi. Hivyo katika makala ya madaktari "-ishwa" inafaa sana. Mgonjwa hahitaji kumjua mkosaji, mwandikieni iliyooksidika.

"Mishipa" ndiyo iliyonisumbua kuliko kutu, na hamkuiuliza. Kwa Kiswahili mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, na tukisema fulani ana mshipa huenda tunasema ngiri. Ugonjwa mnaouandika ni wa ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, siyo vena zinazoirudisha. Neno ateri limo kwenye vitabu vya sayansi vya shule, kwa hiyo wajukuu wa wagonjwa wenu wanalijua. Tena andikeni "ukuta wa ateri", siyo "ndani ya ateri". Mafuta haya hayagandi juu kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Yako chini ya ngozi laini ya ndani, yanainua tuta.

Twende kwenye kuua. Daktari wenu ana hoja, lakini "kujiua" sikubaliani nayo. Seli iliyozidiwa inaweza kuwasha utaratibu wake wenyewe wa kufa, ikajikatakata vipande na kuzolewa na jirani zake. Waliokipa kifo hicho jina mwaka 1972, Kerr, Wyllie na Currie, walichagua neno la Kigiriki la majani kudondoka mtini, "apoptosis". Sisi tunalo tayari: kupukutika. Tunalitumia kwa majani, na kwa watu wanapokufa kwa wingi, hakuna aibu wala nia ndani yake. Kujiua kuna msiba mwingine kabisa nyuma yake, na sitaki mama aliyekuja kupima presha akutane nao kwenye kipeperushi.

Lakini "kuua" nayo si uongo. Aina moja ya kolesteroli iliyooksidika, 7-ketokolesteroli, hupatikana kwenye matuta hayo, na ikiwekwa maabara pamoja na seli za ateri huzidhuru na kuziua. Huvuruga mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na huvujisha vifuko vya mmeng'enyo. Seli nyingine hazipukutiki kwa utaratibu, bali huvimba, zikapasuka, zikamwaga vilivyomo. Kuna pia seli walaji zinazokuja kusafisha. Mlango zinaopitishia LDL ya kawaida hujifunga zikishiba. Brown na Goldstein walipata Nobeli mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya mlango huo. Mlango wa LDL iliyooksidika haujui kushiba. Zinakula mpaka zinajaa matone ya mafuta, zikitazamwa kwa hadubini zinaonekana kama povu. Ziiteni seli povu, maneno mawili, bila "za" katikati, maana hazikutengenezwa kwa povu. Nazo zikifa bila kuzolewa, katikati ya tuta hubaki rojo la mafuta na mabaki. Neno la Kigiriki la uji ndilo lililomo ndani ya "atheroma", jina la kitabibu la tuta hilo.

Kwa hiyo "huua" ibaki, kwa "hu-" ya mazoea, kwa sababu "inaua" inasikika kama jambo linalotokea sasa hivi mgonjwa akiwa kwenye benchi. Sentensi yenu ningeiandika hivi: "Kolesteroli ikizidi hunasa kwenye ukuta wa ateri na kuoksidika. Ikishaoksidika hudhuru seli za ukuta huo, na nyingine huziua. Tuta la mafuta hukua, na kifuniko chake kikipasuka damu huganda hapo na kuziba njia."

Ni ndefu kuliko yenu, najua. Kama nafasi ni finyu, kateni sentensi ya pili msikate ya tatu. Na mchoraji wenu mwambieni asichore bomba lenye kutu.