Wasomaji Wauliza: Kunguru Naye Atungiwe Beti

*Nawafundisha vijana ushairi. Nikiwaambia watunge juu ya ndege, wote huniletea tausi, ambaye hata hawajamwona. Nikimtaja kunguru, wanacheka. Nifanyeje? – Mwalimu, Langoni, Lamu*

Mwalimu, wanacheka kwa sababu wamemjua kwa methali tu: mwoga, tena hafugiki. Watoe nje na daftari. Kila mmoja aandike mambo matano aliyoyaona, na maneno kama "mzuri" na "mbaya" yapigwe marufuku siku hiyo. Kunguru wetu wa mjini ana paji, utosi na koo jeusi, lakini shingo na kifua ni kijivu. Yule mwenye kifua cheupe pe ni mwingine, tena mkubwa kuliko huyu. Wakitazame na kiota: katikati ya vijiti mara nyingi mna vipande vya waya vilivyokunjwa. Hapo tarbia, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, ina pa kuanzia:

Kunguru wa Mkunguni, kola yake ya kijivu,
Hukunja waya tawini, fundi asiye mvivu,
Hutembea barazani, kwa hatua za werevu,
Mwamfukuza kwa nini, hali taka zenu mbivu?

Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, una mizani (silabi) nane, na utao, nusu ya pili, nane. Wengi huteleza kwenye herufi m. Katika "mvivu" m inasimama peke yake, kwa hiyo ni mizani tatu: m-vi-vu. Katika "mbivu" imeshikana na b, basi ni mbili tu: mbi-vu. Wapige makofi wakisoma. Sikio hukamata kosa kabla ya jicho. Kosa la pili ni kulazimisha kina. Kijana akikosa neno la "-vu", abadilishe kina cha ubeti mzima, asibandike neno lisilo na maana.

Wala msimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kunguru huyu si wa asili ya kwetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ale taka, akasambaa mwambao mzima, na hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Ubeti wa pili uyaseme hayo. Sifa isiyo na dosari ndani yake ni tangazo la biashara, si shairi.

*Nikimchora kunguru anatoka doa jeusi, kama wino umemwagika. Nakosea wapi? – Msomaji, Shela*

Kwanza saa. Adhuhuri jua liko utosini na ndege hana upande wa mwanga. Mchore saa moja hadi saa mbili asubuhi, au baada ya alasiri. Anza kwa penseli nyepesi: yai lililolala kwa mshazari ndilo mwili, duara dogo ndilo kichwa. Miguu itoke katikati ya yai. Ukiisogeza karibu na mkia, ndege ataanguka kifudifudi. Na kile kinachoonekana kama goti lililopinda nyuma ni kisigino. Goti lenyewe limefichwa na manyoya.

Rangi nyeusi ya kopo iache. Changanya buluu iliyokoza sehemu mbili na kahawia iliyokoza sehemu moja, upate weusi wenye uhai. Mgongoni na kwenye mbawa acha michirizi ya karatasi tupu, kisha ipitishie buluu au zambarau iliyozimuliwa kwa maji mengi. Subiri tabaka la kwanza likauke kabisa. Kwa unyevu wa bahari yetu hukawia, na ukiharakisha, kijivu cha shingo kitanyonya weusi wa koo.

*Na shingo ya njiwa, ni kijani au zambarau? – Mwanafunzi, Mkomani*

Zote mbili, mwanangu. Mng'ao ule hutokana na umbo la manyoya linavyorudisha mwanga, ndiyo maana akigeuka kidogo tu rangi inahama. Weka kijani na zambarau bega kwa bega, vialama vidogo vidogo. Ukizikoroga pamoja utapata tope.