Halwa ya karoti ya Kihindi ikitoka majimaji, usikimbilie wanga

Mkuu, umesema ulifuata video hatua kwa hatua: kilo 1 ya karoti, lita 1 ya maziwa, sukari robo kilo, ukaipa dakika 25 jikoni. Ukapata kitu cha majimaji, rangi imepauka, karoti bado ngumu kidogo mdomoni, mbali kabisa na ile uliyokula kwenye harusi ya Wahindi pale Upanga. Mwenzetu hapo juu amekushauri uongeze wanga ili ishike. Naomba nimpinge kwa heshima. Wanga una kazi yake kwenye halua ya Zanzibar, ile inayokorogwa kwa sukari, samli na zafarani mpaka inavutika. Hii ya karoti haina ndugu na ile zaidi ya jina na utamu. Kinachoishikilia ni maziwa yaliyokaukia humo humo kwenye karoti, basi. Ukitia wanga utapata uji mzito wa karoti.

Piga hesabu ndogo tu. Karoti ni maji kwa karibu asilimia 88, na maziwa ya ng'ombe hayako mbali na hapo. Kilo 1 ya karoti na lita 1 ya maziwa maana yake umeweka jikoni zaidi ya lita moja na nusu ya maji, na sehemu kubwa ya maji hayo lazima iondoke kwa mvuke. Kwa dakika 25, kwenye jiko la gesi la kawaida, hayawezi kuondoka. Watu wa video wanakata picha. Unaona maziwa yanachemka, unaona mkono unakoroga, halafu ghafla bakuli limepambwa pista, zile njugu za kijani. Ile saa nzima ya katikati hawakuonyeshi.

Mimi hii niliijua Delhi nilipokuwa nasoma. Nilipanga chumba kwa familia ya Kipunjabi, na mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Aunty ji, alikuwa haigusi halwa hii mpaka baridi iingie. Kule karoti ya halwa ni nyekundu, nyekundu hasa, ndefu na nyembamba, na inaingia sokoni kuanzia Novemba hivi mpaka baridi inapoisha. Ina maji mengi, tamu, na kiini chake ni laini. Kiangazi ukiona karoti sokoni ni hizi za rangi ya chungwa, na Aunty ji alikuwa akizitazama kama mgeni asiyealikwa. Wapunjabi wenyewe wanaiita gajrela. Sehemu nyingine za kaskazini utasikia gajar ka halwa. Januari, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, maduka ya vitamu yanaiweka kwenye sinia pana juu ya moto mdogo na kukupimia kwa gramu, ikiwa moto. Ikipoa samli inaganda juu, ndiyo maana huko wengi wanaipenda ikiwa moto.

Huku kwetu karoti nyekundu hiyo huipati. Tunazo hizi za chungwa, nyingi zinashuka kutoka Lushoto, na halwa inatoka nzuri tu ukizichagua. Chukua za ukubwa wa kati, zilizonyooka, zisizo na mabega ya kijani. Zile kubwa nene za kuvutia ziache kwa ajili ya supu, kwa sababu zina kiini kigumu cha njano ambacho hakilainiki na ndicho kinachokukera mdomoni. Ukiwa nazo hizo tu, kwaruza pembeni ukizunguka, ukifika kwenye kiini kitupe. Rangi haitakuwa ile ya Delhi. Itakuwa chungwa iliyoiva, na hapo ridhika. Rangi ya chupa usitie.

Kukwaruza nako kuna namna yake. Tumia matundu makubwa ya kikwaruzo na ulaze karoti kwa urefu wake upate nyuzi ndefu. Ukitumia matundu madogo au blenda, unapata rojo, na rojo halikaangiki. Na tafadhali usikamue. Nimeona watu wanakamua karoti kwenye kitambaa ili "kupunguza maji", wanamwaga utamu na rangi pamoja na hayo maji.

Maziwa: fresh, yenye mafuta yake yote. Delhi wengi wanatumia ya nyati wa kufugwa, ambayo mafuta yake yanafika asilimia 6 mpaka 7, wakati ya ng'ombe yako kwenye 3 na nusu au 4. Tofauti hiyo ndogo utaiona kwenye sufuria. Hapa kwetu mimi nanunua ya ng'ombe kwa muuzaji ninayemwamini kuwa hajaongeza maji, naweka lita 1 na robo kwa kilo ya karoti. Ya pakiti yaliyopunguzwa mafuta hayafai kabisa.

Sasa upishi. Sufuria iwe nzito na pana, karai ndiyo bora kuliko zote. Mdomo mpana unatoa mvuke haraka. Weka vijiko 3 vya samli halisi, siyo ile ya mboga inayoganda nyeupe mdomoni. Mimina karoti, kaanga moto wa kati kama dakika 10 mpaka harufu ya ubichi iishe na zilegee. Hapo kuna mabishano. Aunty ji hakuwa anakaanga mwanzo, yeye alichemsha karoti ndani ya maziwa moja kwa moja na samli ikaja mwishoni. Jirani yake aliyetoka Lucknow, mji mwingine wa kaskazini mwa India, alikaanga kwanza. Walikuwa wakibishana hilo kila msimu juu ya ukuta wa uani. Kwa karoti nyekundu sikuonja tofauti kubwa, lakini kwa hizi zetu namuunga mkono yule wa Lucknow, kwa sababu karoti ya chungwa ina kaharufu ka udongo ambako samli ya moto inakaondoa. Tena rangi ya karoti inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Utaona samli yenyewe inageuka chungwa, na hiyo rangi inabaki kwenye halwa.

Maziwa yachemshe pembeni kwanza, kisha yamimine yakiwa moto. Ukiona yanakatika kidogo na kufanya chembechembe, usishtuke, chembe hizo ndizo zinazotafutwa. Moto wa kati, koroga kila baada ya dakika mbili tatu, na kila mara kwangua utando wa malai, yaani krimu ya maziwa, unaoshika pembeni uurudishe katikati. Usiuache uungue pale, ndio utamu wenyewe. Hatua hii inachukua dakika 40 mpaka 50, wakati mwingine saa. Weka redio. Kazi yenyewe iko mwishoni, maziwa yakibaki kidogo chini: hapo usiondoke, yanashika chini kwa dakika moja tu na harufu ya kuungua haitoki tena.

Sukari inasubiri mpaka maziwa yakauke. Hapa ndipo nadhani karoti zako zilipobaki ngumu, maana video yako umesema inatia sukari pamoja na maziwa. Karoti ambayo haijaiva ikikutana na sukari haiendelei kulainika vizuri, inakakamaa, tena sukari inavuta maji ya ndani na kukurudisha nyuma. Kwa kilo ya karoti mimi naweka gramu 150, nikionja naongeza kidogo kidogo. Robo kilo yako ni nyingi, labda kwa wanaopenda utamu wa dukani. Ukitia sukari mchanganyiko utarudi kuwa majimaji, ni lazima, usipaniki na usizime jiko. Endelea dakika 10 mpaka 15.

Majimaji yakikauka tena, ongeza vijiko 2 au 3 vya samli na uanze kukaanga kwa moto mdogo. Wahindi wana neno lao la hatua hii, bhunai, na nadhani ndiyo inayotenganisha halwa na karoti zilizochemshwa kwenye maziwa. Sikiliza sufuria. Mwanzo inatokota, sauti nzito ya maji. Baadaye inageuka kuwa ya kukaangika, nyepesi na kavu. Rangi inakolea, halwa inatembea yote kwa pamoja ukisukuma mwiko, njia ya mwiko inabaki wazi, na samli inaanza kung'aa pembezoni. Hapo imefika. Kabla ya hapo ni bado, hata kama umechoka.

Kumalizia ni rahisi. Iliki iliyotwangwa, punje 6 au 7, uitie mwisho kabisa maana ikikaa motoni harufu inaruka. Korosho na lozi zilizokaangwa kidogo, zabibu kavu ukipenda. Kama una khoya, ambayo wengine wanaita mawa, yaani maziwa yaliyochemshwa mpaka yakabaki donge, vunjavunja gramu 150 uchanganye dakika chache kabla ya kuepua. Ndiyo inayoleta yale mabonge meupe uliyoyaona harusini. Ukikosa, chukua kikombe cha maziwa ya unga yenye mafuta, kijiko cha samli na maziwa kidogo, koroga kwenye kikaango mpaka yawe donge. Inakubali.

Maziwa mazito ya kopo yenye sukari? Yanafanya kazi, na familia nyingi Delhi zinayatumia siku hizi wageni wakiwa mlangoni. Lakini karibu nusu ya kopo ni sukari, kwa hiyo ukiyatumia futa sukari yote ya mapishi, na tegemea ladha ya tofi zaidi kuliko ya maziwa. Wengine wanapiga karoti filimbi moja kwenye presha kuka na maziwa kidogo. Inaokoa nusu saa, nyuzi zinapotea. Mimi sipendi, ila siwezi kumlaumu mwenye watoto watatu.

Inatosha watu 6 mpaka 8. Kwenye friji inakaa siku 4 au 5. Ukiitoa ipashe kwenye kikaango na kijiko cha maziwa. Kwa joto la Dar usiiache mezani usiku kucha, ina maziwa hiyo. Ile ya harusini iliyoambatana na aiskrimu ya vanila ni mtindo wa kawaida kwenye harusi za Kihindi, moto na baridi kwenye kibakuli kimoja, na sina la kuupinga.

Umeuliza pia kama mumunye, wao wanaita dudhi, lauki au jina jingine kutegemea wametoka wapi, unafuata njia hiyo hiyo. Karibu yote. Pata changa, ambayo ukucha unaingia kwenye ganda. Ukienda soko la Kisutu utaipata. Kabla ya kitu chochote kata kipande kidogo uonje kikiwa kibichi. Ikiwa chungu, tupa yote, usijaribu kuifunika kwa sukari, maana uchungu ule ni sumu na umewahi kuwapeleka watu hospitali huko India. Ikiwa tamu au haina ladha, menya, toa mbegu na ile nyama laini ya katikati, kwaruza na uitie kwenye samli upesi kabla haijawa nyeusi. Hii ndiyo unayoruhusiwa kukamua kidogo, kwa kuwa ina maji kuliko karoti. Sukari punguza mpaka gramu 120. Itatoka kijani kilichofifia, karibu na rangi ya krimu. Ile ya kijani kikali inayouzwa dukani imetiwa rangi.