Ukitaka Historia ya Bibi Mwarmenia, Usianze na Vita

Dada mmoja wa Mombasa, aliyeolewa Glendale, California, katika ukoo wa Kiarmenia, ameniandikia. Bibi ya mumewe ana miaka 91, kazaliwa Aleppo, na wazazi wake walinusurika mauaji ya kimbari ya Waarmenia ya 1915, katika Dola ya Uthmaniya (Uturuki ya leo). Kila akiulizwa habari hizo hujibu, "Kula kwanza." Dada anataka kuwaandikia wanawe historia hiyo kabla bibi hajaondoka nayo. Aanzie wapi?

Aanze kwa kula. Wala sifanyi mzaha. Ukimuuliza mzee "ilikuwaje wakati ule," ama atafunga mdomo, ama atakusomea hotuba aliyokwisha kuizoea. Muulize mama yake alipika nini siku ya Pasaka na upishi ule alifundishwa na nani: hapo litatoka jina la shangazi, la jirani, la mtaa. Dakika 40 kwa kikao zinatosha. Mzee akichoka huanza kukuitikia kila unalosema, na ukifika hapo unajirekodi mwenyewe. Simu iweke juu ya taulo lililokunjwa, maana juu ya meza tupu kila kikombe kikiguswa kitasikika kama mlango uliobamizwa. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali na waliopo. Mwache achanganye Kiarmenia, Kituruki na Kiarabu apendavyo, na usimkatize ili utafsiriwe. Kiarmenia cha Magharibi, yaani cha Waarmenia waliotoka Dola ya Uthmaniya, ambacho ndicho anachokisema, kimo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini, kwa hiyo sauti yenyewe ni mali.

Jina la ukoo lina mengi ya kusema. Kiishio -ian au -yan maana yake ni "wa ukoo wa", na kinachotangulia mara nyingi ni kazi ya babu. Mswahili hapa ana bahati, kwa kuwa baadhi ya maneno hayo yana asili ya Kiarabu kama yetu. Sarafian ni wa mbadili fedha, na sarafu iliyo mfukoni mwako ni ndugu ya jina hilo. Hekimian ni wa tabibu. Najarian ni wa seremala, Kassabian wa mchinja nyama. Jina likitanguliwa na Ter au Der, tafuta kasisi katika ukoo.

Wengi hukwama kwenye tahajia. Waarmenia wa Magharibi hutamka "b" pale wa Mashariki wanapotamka "p", na "g" pale pa "k", na kinyume chake. Petros ni Bedros, Karapet ni Garabed, Grigor ni Krikor. Ukitafuta umbo moja tu utasema babu hayumo, kumbe yumo ukurasa uleule. Miji nayo ilibadilishwa majina: Aintab ni Gaziantep ya leo, Sepastia ni Sivas, Kharpert ni Harput, karibu na Elazığ. Andika jina kama bibi alivyolitamka, la leo lifuate.

Sasa sanduku la karatasi. Barua ya zamani yenye herufi za Kiarmenia unaweza kumpa msomaji mzuri wa Kiarmenia akaisoma yote kwa sauti asielewe neno. Huenda ni Kituruki. Waarmenia wengi wa Dola ya Uthmaniya waliandika Kituruki kwa herufi zao, kama Lamu na Pate walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tafuta mtu anayejua vyote viwili kabla hujalipa mtafsiri. Tarehe za kabla ya miaka ya 1920 zinaweza kuwa za kalenda ya zamani (ya Julius): ili kupata tarehe ya kalenda ya leo, ongeza siku 12 kwa karne ya 19, siku 13 kuanzia Machi 1900. Kwenye mawe ya makaburi mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa herufi, kwa hesabu ya miaka ya Kiarmenia, ambayo huongezwa 551 ili kupata mwaka wetu. ՌՅ ni 1300, yaani 1851.

Kama kuna jamaa aliyeingia Marekani kupitia Ellis Island, kituo cha zamani cha kupokea wahamiaji New York, orodha za abiria zinatafutika bure mtandaoni. Za kuanzia 1907 zina safu ya ndugu wa karibu aliyeachwa nyumbani, na safu hiyo ni dhahabu. Uliza pia kuhusu pasipoti ya Nansen, hati ya kusafiria ya wakimbizi, ambayo Waarmenia wasio na nchi walianza kupewa 1924. Huwa imekunjwa ndani ya Biblia. Usiigandishe kwa gundi wala kuitia plastiki ya moto. Ipige picha pande zote mbili kando ya dirisha, bila mwanga wa kamera.

Mwisho wa ujumbe wake dada ametaja binamu za mumewe waliotoka Stepanakert Septemba 2023, katika siku zile chache ambazo watu zaidi ya 100,000 waliihama Artsakh (Nagorno-Karabakh) kwa barabara moja ya kwenda Goris, Armenia. Hawa usiwangoje wazeeke. Picha zao ziko kwenye simu, na zikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza tarehe na mahali zilipopigwa. Waambie wazitume kama faili, au bora wazinakili kwenye diski mbili zikae nyumba mbili tofauti.

Baadhi yao wametoka na ufunguo wa nyumba. Usiulize unawakumbusha nini. Weka karatasi na penseli mezani, waombe wachore nyumba: mlango ulifunguka ndani au nje, jiko lilikuwa upande gani, nani alilala karibu na dirisha. Watabishana. Rekodi ubishi wote.