Kwa kijana wa Nkuhungu anayeuliza kama aende Norwe kusoma muziki wa asili

Mbukwenyi wakuu. Hili swali nimelisoma mara mbili nikaona nisipite kimya. Kwa ambao hamkusoma mwanzo, mdogo wetu ana miaka 23, anapiga gitaa na yuko kwaya, kapata nafasi ya mwaka mmoja kusoma muziki wa asili wa Norwe, anaondoka mwezi wa nane. Nyumbani wanamuuliza hivi kweli unapanda ndege kwenda kujifunza ngoma za wazungu wakati za kwenu huzijui? Na mchungaji wake nae ana wasiwasi na haya mambo ya asili. Anauliza aende au aache.

Nenda mdogo wangu. Ila hilo swali la nyumbani usilidharau, maana mimi niliulizwa karibu hilo hilo, na aliyeniuliza ni mnorwe, nikiwa nishafika kwao, mbele ya ukumbi umejaa watu.

Mi asili yangu kijiji cha Mvumi, nimekulia Chang'ombe hapa hapa Dodoma mjini. 2016 nikapata nafasi kama yako, nikaenda Telemark, kusini mwa Norwe, milima mitupu na theluji ambayo sehemu zingine mwezi wa nne bado ipo. Nilikuwa najiona nimekamilika, gitaa najua, kinanda najua, kwaya nafundisha. Kumbe wale watu muziki wao wa asili hawaushiki kwenye karatasi. Unakaa na mzee kiti kwa kiti, anapiga kipande kidogo cha fidla unakirudia, anapiga tena unarudia, asubuhi nzima inaweza kuisha mko kwenye kipande kisichofika sekunde kumi. Nikatoa simu nirekodi, akaniambia rekodi, hakuna shida, lakini kwanza sikiliza.

Na mapigo yao yalinitesa aisee. Wana ngoma moja inaitwa springar, inahesabiwa tatu, ila hizo tatu hazilingani urefu, kwa Telemark ya kwanza ndefu, ya pili ya wastani, ya tatu fupi. Mtu umezoea mashine ya kuhesabia mapigo unachanganyikiwa kabisa. Mwalimu akaniambia weka chombo chini, nenda kacheze na wenzio. Nikacheza karibu wiki tatu ndio mguu ukaelewa, halafu mkono ukafuata. Hapo nikakumbuka kwetu hakuna mtu anafundishwa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, bila kucheza, mtoto wa kike anakua anaona mama zake wamebana ngoma mapajani wanapiga huku mwili wote unakwenda, hakuna anayemhesabia moja mbili tatu.

Sasa ile siku. Kulikuwa na jioni ya wanafunzi kupiga mbele ya wanakijiji. Kila anayesimama, kabla hajagusa kamba anasema, huu nimeupata kwa fulani wa kijiji fulani, naye aliupata kwa fulani. Ni desturi yao kabisa, wimbo hauji bila jina la mtu aliyekufundisha. Kuna mpiga fidla wao maarufu alifariki 1872, anaitwa Myllarguten, mpaka leo mtu anasimama anakwambia huu umetoka kwake na anakutajia mikono uliyopitia hadi kumfikia yeye. Zamu yangu ikafika nikaimba wimbo wa Kigogo tuliokuwa tunauimba kwaya, nimeupangia sauti zangu vizuri, wakapiga makofi sana. Halafu mwalimu akauliza kwa upole tu, huu umejifunza kwa nani? Nikasema ni wa asili, wa kabila letu. Akasema sawa, lakini wewe umejifunza kwa nani?

Sikuwa na jina. Nilikuwa nimeutoa kwenye kanda ya kwaya nyingine. Na bibi yangu mzaa mama alikuwa anapiga muheme tangu usichana wake, alikuwa hai, yuko Mvumi, nauli ya daladala tu, na sikuwahi hata siku moja kukaa chini nikamwambia bibi nifundishe. Usiku ule sikulala, na hiyo ndio sababu naandika marefu hivi.

Ngoja nikupe na hii nyingine maana ndio iliyonibadilisha masikio. Kwenye kwaya niliyokulia mwalimu wetu alikuwa akiwasikia kinamama wa vijijini wanaimba anawasahihisha na kinanda, hiyo sauti mnaishusha, pandisheni kidogo. Nilivyokuja kufundisha na mimi nikafanya vile vile, nimewasahihisha mama zangu watu wazima miaka minne, na wakikaa wenyewe wanarudi pale pale. Nilijua ni ubishi au masikio hayajazoea.

Mei 2017 mzee mmoja akatupeleka kando ya mto akakata tawi la mti. Majira yale maji yanapanda kwenye shina, kwahiyo ukiligongagonga gome kwa mpini wa kisu linaachia, linachomoka zima kama soksi. Hilo bomba la gome ndio filimbi. Haina matundu ya vidole, mwisho wa bomba unauziba na kuuachia kwa kidole kimoja, noti zingine zote zinatoka na nguvu ya pumzi. Likikauka basi, mwakani unatengeneza nyingine. Akapuliza, na mi nikasikia ile noti. Ile ile niliyokuwa nawasahihisha kinamama, inalia Norwe kwenye gome la mti.

Kinachotokea ni hivi. Sauti moja, iwe ya kamba au ya bomba, ndani yake ina sauti zingine zimepandana, ya mtetemo mara mbili, mara tatu, mara nne, inaendelea hivyo juu. Ile filimbi inakupa hizo hizo kwa sababu haina kitu kingine cha kukupa. Na Wagogo tunaimba na kutega ilimba (kile chombo cha vyuma juu ya ubao kinachopigwa kwa vidole gumba) kwa kufuata ngazi hiyo hiyo, kuanzia ya nne mpaka ya kumi hivi. Ya saba ndio yenye ugomvi, iko chini ya noti ya kinanda inayokaribiana nayo kwa kama theluthi moja ya nusu toni, yaani ya hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Kwenye kinanda, kutoka do hadi do ya juu yake pamegawanywa vipande 12 vilivyo sawa ili mtu apige wimbo wowote kwa kuanzia popote, bibi yangu alikuwa anafuata sauti yenyewe ilivyo. Hakuna aliyekuwa anashusha kitu. Niliporudi nilienda kwa wale kinamama mmoja mmoja nikawaomba radhi.

Siku ile ile ya filimbi nikampigia bibi simu, nikamwambia niimbie nindo, zile nyimbo zetu za kuitikiana, nirekodi. Akaniuliza, nani ataniitikia? Nikamwambia imba tu bibi, mimi naisikiliza. Akakataa kata kata. Alisema sauti ya kwanza inatupwa ili idakwe, sasa kwenye simu ataitupa wapi. Ikabidi dada yangu asubiri mpaka kinamama wamekaa pamoja wakati wa kupura mtama, akarekodi, ikanifikia dakika tatu na kitu za WhatsApp na jogoo anawika katikati. Nikawapigia darasani. Yule mzee wa filimbi alifumba macho akaomba irudiwe, ikarudiwa mara nne.

Kwahiyo kwa wanaosema utapoteza ya kwenu, hapana, kwangu mimi nilikuwa nimeshayapoteza hapa hapa Dodoma nikiwa nalala kilomita chache na wenyewe, na kule ndiko nilikoonyeshwa. Ila nilienda mikono mitupu na gharama yake ilikuwa muda. Nilirudi nikakaa na bibi viangazi viwili, nikapata nyimbo kumi na moja, nne ndio nazijua mpaka mwisho. Alifariki 2020. Ningeanza miaka mitatu kabla ya safari ningekuwa na ngapi?

Fidla yao ya Hardanger nayo utaipenda. Juu ina kamba nne za kupiga, chini yake zimepita nne au tano ambazo upinde hauzigusi kabisa, zenyewe zinaitikia zikisikia wenzake. Nilivyoiona nikamweleza mwalimu habari ya ilimba ya mjomba wangu, kwamba nayo ina vyuma vya kupigwa na vingine vipo vya kuitikia tu, na kwenye ubao kuna tundu limezibwa na utando wa buibui ili sauti ivume. Tulikesha siku hiyo. Ukiweza beba ilimba ndogo, gitaa lako liache, magitaa kule yamejaa.

Kuhusu mchungaji. Mwambie kwa heshima kwamba hata huko yalitokea. Karne ya 19 kulikuwa na uamsho mkali wa dini Norwe, fidla ikaitwa chombo cha shetani, watu wakazichoma, wengine wakazivunja wenyewe baada ya kuokoka. Kwetu wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870 na mkristo mzuri akawa ni yule aliyeacha ngoma. Leo ingia kanisa lolote la vijijini huku kwetu Jumapili usikie kinamama wanavyomwimbia Mungu kwa sauti zile zile, na hakuna anayekimbia. Mi ni mkristo na naimba kanisani, kwangu bibi alikuwa anaomba kwa kile alichopewa.

Mambo ya kawaida kwa haraka. Tangu 2023 vyuo vya serikali Norwe vinatoza ada wanaotoka nje ya Ulaya, enzi zangu ilikuwa bure, kwahiyo soma barua yako vizuri ujue nani analipa na inahusu mwaka mzima au muhula mmoja. Ukibeba zeze au ngoma hakikisha ngozi ni ya mbuzi na imekauka vizuri, ya kenge usijaribu, hiyo inataka kibali cha wanyama wa porini na wanaweza kukunyang'anya. Baridi yenyewe sio adui wa chombo, adui ni joto la ndani, wanawasha hita miezi sita hewa inakauka kuliko hata Dodoma ya mwezi wa kumi, kibuyu cha zeze langu kilipasuka Januari. Weka kitambaa chenye unyevu kwenye begi la chombo.

Na watu watakuomba uchanganye, mwezi wa kwanza tu utaambiwa tufanye kitu cha Afrika na Norwe pamoja. Usikimbilie. Mi nilikubali mapema na ile kazi siwezi kumsikilizisha mtu wa Mvumi, haina Ugogo wowote ndani zaidi ya maneno. Marehemu mzee Hukwe Zawose aliyetoka huku kwetu Doda alizunguka dunia na zeze na ilimba, alifanya kazi na wazungu wengi tu mpaka anafariki Desemba 2003, lakini popote alipokaa ni Kigogo kinaimba, kwa sababu aliondoka nacho kimejaa.

Sasa tufanye hivi. Huu ni mwezi wa tano, una miezi mitatu, na mavuno ndio yanaanza, hamna wakati mzuri kama huu maana watu wako pamoja uwanjani na jioni wanaimba. Tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, lile lililoanza 2009, likikukuta bado upo usilikose, utaona vikundi vya vijiji vingi siku moja, ila tamashani utasikia tu, kufundishwa ni nyumbani. Umesema shangazi yako mkubwa yuko Mundemu na alikuwa anaimba. Jumamosi panda gari la asubuhi, mpelekee sukari na sabuni, simu iache mfukoni siku ya kwanza, saidia kupura. Mwombe wimbo mmoja, mmoja tu, muulize na yeye alifundishwa na nani na uandike hilo jina. Na waite majirani zake waje, usimwambie aimbe peke yake.