Usiuhukumu mkate wa Toscana kwa chumvi

Dada, umesema mkate ulionunua Firenze ulikuwa chapwa, ukadhani mwokaji kasahau chumvi. Hakusahau. Mkate wa Toscana, mkoa wa Italia wenye jiji hilo la Firenze, huokwa bila chumvi kabisa, na wenyeji wanaupenda hivyohivyo.

Kata kipande, ukinuse pale kilipokatwa. Chachu ya asili hutoa ukali kidogo, na nyuma yake utasikia harufu kama ya karanga za kukaanga. Kisha tafuna taratibu, usimeze upesi. Mate yakishachanganyika na wanga, utamu wa ngano hujitokeza wenyewe. Ganda livunjike kwa mlio, lisiwe chungu. Ukiona ndani kunanatananata kama ugali mbichi, hapo mlaumu mwokaji.

Ila usiule mtupu! Mkate huu umezoea kuliwa na prosciutto ya hukohuko, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, ambayo ina chumvi nyingi. Au uchome, usugulie kitunguu saumu, umiminie mafuta ya zeituni.

Bado unataka chumvi? Tafuta mkate wa Altamura, wa kule Puglia, kusini mwa Italia: ngano ngumu, ndani njano, ganda lisilopungua milimita 3. Mimi kwa chai nachagua huo.