Zawadi za Dar: anzia Mwenge

Ndugu, kama una siku moja tu Dar na unataka zawadi za kupeleka nje, anzia Mwenge kwenye vinyago. Ukiambiwa ni mpingo, kipime mkononi: mpingo ni mzito kweli. Kisha kigeuze, kwaruza kitako kwa kucha. Kama kimepakwa rangi ya viatu utaiona kuchani. Bei ya kwanza usiikubali, hata muuzaji mwenyewe hategemei. Kanga nunua Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kwa doti, na usome jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa usije ukampelekea mama mkwe kijembe. Picha za Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji, zipo Oysterbay, wachoraji wenyewe wamekaa palepale. Ukinunua picha, waambie waitoe kwenye fremu na kuiviringisha, iingie begini.