Kaka amempiga risasi mtu aliyevunja nyumba: tufanye nini sasa?

Swali: Wakili, shikamoo. Kaka yangu anaishi Nzuguni, hapa Dodoma. Usiku wa juzi watu walivunja mlango wa nyuma, mmoja akaingia mpaka koridoni ameshika nondo. Kaka ana shotigani yenye leseni. Akafyatua risasi moja, ikampata yule mtu pajani. Sasa amelazwa hospitali ya General. Polisi walichukua bunduki usiku uleule na kumtaka kaka aripoti kesho kuandika maelezo. Majirani wanatushauri tufute damu, tena tuweke panga pale chini ili kesi iwe nyepesi. Je, kaka atafungwa?

Jibu: Marahaba, na poleni sana. Hilo panga msiliweke. Nasema hivyo kabla ya jambo lolote jingine, kwa sababu ndilo linaloweza kumfunga kaka yako wakati ukweli wenyewe unamtetea. Kutengeneza ushahidi ni kosa linalojitegemea. Zaidi ya hapo, siku mpelelezi akigundua panga halina damu wala alama za vidole za yule mtu, hakuna atakayeamini tena habari ya nondo, ambayo ni ya kweli.

Kujilinda kunatambuliwa na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18. Sheria inauliza: je, kaka aliamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, kwamba maisha yake au ya watu wa nyumbani yako hatarini? Na nguvu aliyotumia ilihitajika? Akionekana amezidisha, atawajibika kwa kosa lililotokana na nguvu hiyo. Mtu akifa kwa nguvu iliyozidi namna hiyo, kosa ni kuua bila kukusudia.

Ndiyo maana koridoni kwenu kuna thamani. Damu iko ndani au nje ya kizingiti? Ganda la risasi liko wapi? Komeo limevunjika kuelekea upande gani? Risasi iliingilia mbele ya paja au nyuma? Mtu aliyekuwa anakuja na nondo na mtu aliyepigwa akiruka ukuta kukimbia ni kesi mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo, kama wapelelezi hawajachora ramani ya eneo la tukio, fungeni koridoni, watoto wapitie mlango wa mbele, msifagie, mlango usitengenezwe. Pigeni picha kwa simu bila kugusa kitu, na mwiteni mwenyekiti wa mtaa ajionee mlango ulivyo.

Kesho kaka aende, asikwepe. Aende na wakili. Akihojiwa kama mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa tuhuma zake na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayomwandikia mtuhumiwa baada ya kumwonya kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, ayasome neno kwa neno kabla ya kutia saini. Kama hakuona vizuri kwa sababu ya giza, aseme hakuona. Nakutana mara nyingi na watu wanaojaza mapengo ya kumbukumbu ili waonekane jasiri, kisha mahakamani maneno hayohayo yanasomwa dhidi yao. Achukue leseni yake, na adai stakabadhi ya bunduki iliyochukuliwa.

Muombeeni majeruhi apone, nasema kwa moyo wote. Akifariki na kaka akashtakiwa kwa mauaji, hakuna dhamana, na shauri litasubiri Mahakama Kuu. Ndugu yeyote asiende wodini kuzungumza naye, hata kuomba msamaha. Itaonekana mnaingilia shahidi.

Je, atafungwa? Kwa ulivyoeleza, risasi moja, ndani ya nyumba, mlango umevunjwa, mtu ana nondo, utetezi wake una nguvu. Hata akishtakiwa, ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo kabla sijaona PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa hospitalini kuhusu jeraha, na ramani.

Mkikosa fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu wasio na uwezo. Ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii. Na kama kaka, shemeji yako au watoto hawalali, wanashtuka kila mlango ukigonga, wapelekeni Mirembe, hospitali ya afya ya akili, wakaonane na mshauri. Najua jina hilo linavyosemwa hapa mjini. Wapelekeni hivyohivyo, wiki hii.